Pamba ya Kauri: Tununue Moto Upi?

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika arobaini, nami nitajitahidi zisizidi, kwani viti vya ukumbi huu bado ni vile vile. Mada yangu imetokana na jambo lililomo katika ajenda ya mchana. Baadhi ya wanachama wenzetu wamependekeza chama chetu kianzishe mradi wa kutengeneza pamba ya kauri kutokana na udongo mweupe wa Pugu, na wamekwisha kuleta bei ya tanuru linalowashwa kwa gesi. Mradi naupenda. Tanuru lile silipendi. Kamati imeniomba nieleze sababu zangu, kwa kuwa nimeishi na matanuru kwa miaka mingi, na nieleze kwa namna ambayo hata kijana wa kidato cha pili ataweza kusimama na kunibishia.

Kabla ya yote, neno moja juu ya lugha. Kiswahili kinatuwekea mtego hapa: nyuzi za kushonea ni nyuzi, na nyuzi za joto nazo ni nyuzi. Nikisema "nyuzi elfu moja na mia tisa" hamtajua kama napima joto ama nahesabu uzi. Kwa hiyo leo joto nitalipima kwa digrii za Sentigredi, na nyuzi zitabaki kuwa nyuzi.

Pamba ya kauri ni nini? Wenzetu waliofanya kazi katika viwanda vya kioo, vya chuma, vya saruji, au penye boila kubwa, wamekwisha kuiona: blanketi jeupe, laini, jepesi, lililoviringishwa kama mkeka, ambalo hubandikwa ndani ya ukuta wa tanuru. Aina ya kawaida huuzwa kwa kiwango cha digrii 1,260. Siri yake ni hewa. Blanketi zuri lina kilo 128 hivi kwa mita moja ya ujazo, ilhali kauri ya aina hiyo hiyo isiyo na matundu ingekuwa na kilo zaidi ya 2,500. Maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu tisa katika kumi za blanketi ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi nyembamba mno, za mikromita mbili au tatu, wakati unywele wa mtu una mikromita kama sabini. Tanuru la matofali mazito hula moto mwingi kwa kuyapasha matofali yenyewe kabla ya kupasha kitu kilichomo. Tanuru lililovikwa pamba hupata joto upesi na kupoa upesi. Kwa mtu anayewasha asubuhi na kuzima jioni, tofauti hiyo ni fedha.

Bidhaa hii ilikomaa Marekani katika miaka ya 1950. Kampuni ya Carborundum iliuza pamba yake kwa jina la Fiberfrax, na kampuni ya Babcock & Wilcox ikawa na ya kwake, Kaowool, iliyotokana na kaolini ya jimbo la Georgia. Kaolini ndiyo udongo mweupe wenyewe, na wa Pugu ni ndugu yake, ingawa Pugu haichimbwi ikiwa kaolini tupu. Ule ni mwamba wa mchanga wenye kaolini ndani yake, nao sharti uoshwe mpaka mchanga ujitenge. Kaolini safi ina alumina asilimia 39.5, silika asilimia 46.5 na maji asilimia 14. Maji hayo hayawezi kukaushwa kwa jua, maana yameshikamana na udongo kikemia, na hutoka ukipashwa moto wa digrii 500 hadi 600 hivi. Yakiisha kutoka, hubaki alumina 46 na silika 54 kwa mia. Mchanganyiko huo ndio tunaotaka kuugeuza uzi.

Sasa, kitu gani huvutika kuwa uzi? Mtu yeyote aliyekula mlenda anajua. Ukiinua tonge la mlenda, linakufuata kwa nyuzi ndefu mpaka kidevuni. Ukiinua maji, yanadondoka. Ukiinua ugali mgumu, unakatika. Mlenda uko katikati, na mnato wake ndio unaoruhusu uzi. Alumina tupu huyeyuka karibu na digrii 2,050, nayo ikiyeyuka huwa nyepesi kama maji, haitoi uzi. Silika tupu huyeyuka karibu na 1,700, lakini hubaki nzito kama gundi ya mti iliyoganda. Ukizichanganya kwa kiasi cha kaolini unapata kitu kinachovutika, lakini kwa nafasi finyu sana ya joto, mahali fulani kati ya digrii 1,800 na 2,000.

Uji huo hutiririka kupitia tundu chini ya tanuru, mkondo mwembamba kama kidole. Unapodondoka, ama hupigwa na upepo wa nguvu ukapasuka kuwa nyuzi, ama huangukia magurudumu yanayozunguka kwa kasi, yakaurusha kando. Njia ya upepo hutoa nyuzi fupi, ya magurudumu hutoa ndefu zaidi. Kazi yote huisha katika sehemu ndogo ya sekunde, na baada ya hapo uzi umekwisha ganda. Ikiwa uji ulikuwa baridi kidogo, hauvutiki vizuri. Ikiwa ulikuwa moto kidogo kupita kiasi, hujikunja kuwa matone. Matone hayo huganda na kuwa punje za kauri ndani ya pamba, na hata kiwanda kilicho hodari hujikuta na punje zinazokaribia nusu ya uzito wote. Punje haizuii joto. Ni mzigo tu. Kwa hiyo mtengenezaji wa pamba ya kauri hahitaji moto mkali tu. Anahitaji moto mkali usiotikisika, saa baada ya saa.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na tanuru la gesi. Waliotuletea bei wameandika kiwango cha juu cha joto, wakadhani wamemaliza. Mimi huwa nauliza swali jingine kwanza: joto hilo linazaliwa wapi? Linazaliwa nje ya udongo likalazimika kuingia, au linazaliwa ndani ya udongo wenyewe?

Tuchukue mwali wa gesi. Gesi asilia ikiungua na hewa ya kawaida, bila hewa hiyo kupashwa kwanza, mwali wake hauwezi kuzidi digrii 1,950 hivi, na hiyo ni hesabu ya vitabuni, isiyo na upotevu wowote. Vijana wa fizikia, fikirini jambo hili. Joto hutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo. Ikiwa mwali una 1,950 na uji unatakiwa uwe 1,900, basi mwali unaweza kuuachia uji joto la zile digrii hamsini za tofauti tu. Joto lingine lote linapanda bombani. Utakuwa umejenga chombo cha kupasha mawingu. Unaweza kupasha hewa kwanza kwa moshi huo huo unaotoka, kama wafanyavyo watengenezaji wa kioo, na mwali ukapanda. Unaweza pia kuchoma gesi kwa oksijeni badala ya hewa, ukafika juu ya 2,700. Lakini oksijeni nayo ni kiwanda kingine kando ya kiwanda.

Halafu chombo. Uji wa digrii 1,900 utauweka katika chungu gani? Matofali ya moto hutengenezwa kwa udongo ule ule wa alumina na silika tunaotaka kuuyeyusha. Ni sawa na kuchemsha siagi katika sufuria ya siagi. Mwali ukipasha kutoka juu na pembeni, ukuta wa tanuru ndio unaopata moto wa kwanza na mkali kuliko wote, na udongo unapata masalio. Ukuta utaanza kulika, na utakacholisha tundu la chini ni udongo wako pamoja na ukuta wako.

Njia ya pili ni tao la umeme. Fimbo mbili au tatu za grafaiti hukaribiana, umeme unaruka kati yake kama radi ndogo isiyokoma, na penye tao joto hupita digrii 3,000. Hapa hatulalamikii tena uhaba wa moto. Uji wa aina hii ulipatikana kwanza kwa matanuru ya namna hiyo. Ila tao ni moto wa mahali pamoja: chini yake uji unachemka na kutoa mvuke, umbali wa hatua moja bado ni unga. Tao hutikisika, hukatika, huruka. Mkondo unaotoka huwa mwepesi dakika hii na mzito dakika ijayo, na nimeshasema mkondo kama huo huzaa nini. Pia grafaiti ni kaboni, na kaboni katika moto huo hula silika polepole, ikabadilisha kipimo cha mchanganyiko wako bila kukuomba ruhusa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitetea, nayo imekuwa njia kuu ya viwanda vya pamba hii kwa miongo mingi. Kaolini ikiwa baridi haipitishi umeme, ndiyo maana vikombe vyeupe vya kauri hushika nyaya juu ya nguzo. Lakini kaolini iliyoyeyuka hupitisha. Basi elektrodi, mara nyingi za molibdeni, huzamishwa ndani ya uji, na umeme hupita katika uji wenyewe kutoka elektrodi moja hadi nyingine. Uji unaukinza umeme huo, na kwa kuukinza unajipasha. Pasi ya umeme nyumbani hufanya hivyo hivyo, isipokuwa hapa waya wa kupashia ndio nguo inayopigwa pasi. Hutumika umeme ule unaokwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, kama wa majumbani. Ungekuwa wa betri, ungeanza kuvuta vitu vya uji upande huu na upande huu.

Na chungu je? Hakuna chungu. Nje kuna ganda la chuma linalopozwa kwa maji. Udongo unaogusa chuma hicho haupati nafasi ya kuyeyuka, hubaki mgumu, ukawa ukuta. Juu ya uji humwagwa udongo mpya kila wakati, nao hufunika kama ukoko wa wali, ukazuia joto lisitoke kabla ya wenyewe kuzama na kuyeyuka. Kwa hiyo kaolini inayeyukia ndani ya kaolini. Mkondo wa umeme ukiongezwa kidogo uji unakuwa mwepesi, ukipunguzwa unakuwa mzito, na fundi anarekebisha hayo kwa kitasa huku akitazama nyuzi zinavyotoka. Mimi sijaona katika ufundi wa moto mpango mwingine ulio na akili ya namna hii.

Lakini lazima niseme na udhaifu wake, kwa kuwa hapa petu udhaifu huo ni mkubwa kuliko ulivyo Georgia. Umeme ukikatika, uji huanza kuganda. Ukiganda, haupitishi umeme tena. Umeme ukirudi, tanuru halirudi. Inabidi kuanza upya kwa kupanga grafaiti kati ya elektrodi ili ipashe udongo ulio jirani, na udongo huo ukiyeyuka ndipo umeme uhamie humo na grafaiti iungue iishe. Kazi hiyo ni ya saa nyingi, na si kila tanuru lililoganda huamka zima. Ninyi nyote mnajua habari za mgao wa umeme katika nchi hii, sina haja ya kuhutubia juu yake. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji liliwasha mtambo wake wa kwanza mwaka 2024, na mitambo yake yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Ila umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, na waya wa mtaani kwako kutokatika wakati wa mvua ni jambo jingine. Atakayenunua tanuru hili sharti anunue na jenereta ya kulinda uji usigande, hata kama haitoshi kuendelea na uzalishaji.

Tufanye hesabu fupi, kalamu na karatasi. Kilo moja ya kaolini iliyokwisha kutolewa maji inahitaji takriban kilojuli 1.2 kwa kila digrii moja. Kuipandisha digrii 1,900 ni kilojuli 2,280. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600, basi hapo pana uniti 0.63. Ongeza joto la kuyeyusha, tunakaribia uniti moja. Chukulieni kwamba nusu ya umeme inapotea katika maji ya kupozea na hewani: uniti mbili kwa kilo. Kiwanda kidogo cha kilo 200 kwa saa kinataka basi kilowati 400 mfululizo, bila kuhesabu mashine za upepo na magurudumu. Si jambo la kuunganisha kwenye nyaya za shule, Mwalimu Mkuu, usiwe na hofu. Ni transfoma ya peke yake. Na ndiyo maana nasema yale maji asilimia 14 yatolewe kwa gesi kwanza, kabla ya umeme kuguswa. Kazi ya digrii 600 ni kazi ya gesi, na gesi ya Songo Songo imefika Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kutumia umeme kufukuzia maji ni kumtuma mfinyanzi bingwa akachote maji ya kufinyangia.

Mwanachama mmoja ameniuliza kabla ya kikao: mbona tunasikia siku hizi habari za leza na maikrowevu? Nitajibu kwa haraka, kwa sababu ni njia nzuri kwa nyuzi nyingine, na vijana wanapaswa kuzijua hata kama chama hakitazinunua.

Zipo nyuzi za alumina karibu tupu, zinazostahimili hadi digrii 1,600. Hizo haziwezi kutoka katika uji, kwa ile sababu ya kuwa nyepesi kama maji. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliizunguka shida hiyo katika miaka ya 1970 kwa nyuzi zilizoitwa Saffil. Walivuta uzi kutoka katika maji mazito ya chumvi ya aluminiamu, uzi ukiwa baridi kabisa, kisha wakauchoma polepole mpaka ukawa kauri. Hapo moto mkali ni adui. Akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu ufukweni mwa Ziwa Nyasa wanaijua sheria hiyo vizuri: chungu kibichi ukikitia motoni kabla hakijakauka, kitapasuka. Uzi nao ni chungu kibichi, na tanuru la kawaida lenye kupanda joto taratibu linautosha. Nyuzi za silikoni kabaidi zinazofanana na hizo, alizozivumbua Profesa Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, katikati ya miaka ya 1970, huanza zikiwa uzi wa plastiki yenye silikoni ndani yake, na huokwa kwa digrii 1,200 hadi 1,300 bila hewa. Ipo pia namna ya kupasha uzi wa kaboni kwa kupitisha umeme ndani yake, huku gesi zikiuzunguka na kuutandika silikoni kabaidi tabaka juu ya tabaka. Tena joto linazaliwa ndani.

Leza ya kaboni dayoksaidi hutumika kuyeyusha ncha ya kijiti cha alumina, kisha uzi wa yakuti, fuwele moja isiyo na kiungo, ukavutwa juu kutoka kwenye tone hilo. Ni safi mno kwa kuwa tone haligusi chombo chochote. Mwendo wake ni milimita chache kwa dakika. Kwa kifaa cha maabara, vyema. Kwa blanketi la boila, mtangoja wajukuu. Na maikrowevu ina tabia yake: alumina na silika zikiwa baridi hazisikii maikrowevu vizuri, na zikipata moto husikia kupita kiasi, hivyo palipotangulia kupata moto panazidi kupamba na pengine pakabaki baridi. Silikoni kabaidi huisikia tangu mwanzo, ndiyo maana watafiti hupenda kuijaribu huko. Haijayaondoa matanuru ya umeme mahali pake katika kuyeyusha kaolini.

Nisiwaonee wenzetu wa gesi. Kama nia yao ni kutumia gesi kuyeyusha kitu kikawa pamba, lipo jiwe la kuwafaa: basalti, lile jiwe jeusi la volkano linalopatikana Rungwe, Meru na Kilimanjaro. Hilo huyeyuka na kutoa nyuzi karibu na digrii 1,500, ambapo mwali wa gesi bado una nguvu ya kutosha juu ya uji, na matofali yanastahimili. Mwenye makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa moshi ukatoka anaweza hata kutumia tanuru la mnara, jiwe na makaa vikipangwa tabaka kwa tabaka, kama viwanda vingi vya pamba ya mwamba vilivyofanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Pamba hiyo haivuki digrii 700 hivi, lakini mabomba ya mvuke, majiko ya mikate na mapaa ya nyumba hayadai zaidi. Tatizo lake kwetu ni jiografia: gesi iko pwani, basalti iko bara, na lori linakula mafuta.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo halimo katika karatasi ya mapendekezo, nami nasikitika halimo. Kiwanda kimoja nilichowahi kutembelea, ambacho sitakitaja, kilikuwa kikibomoa pamba ya kauri ya zamani kutoka katika tanuru. Vijana sita walikuwa ndani, wamefunga leso puani, wakichana yale mablanketi kwa mikono na kuyatupa chini. Mwanga wa jua ulipopenya mlangoni niliona hewa yote inametameta. Msimamizi aliniambia ni vumbi tu, litaoshwa na maziwa. Maziwa hayaoshi mapafu.

Nyuzi nyembamba kuliko mikromita tatu hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyuzi hizi hazimumunyuki huko kwa urahisi. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, liliziweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Zilipopimwa tena miaka ya 2000 ilipoanza, pamba ya kioo na pamba ya mwamba ziliondolewa katika kundi hilo, lakini pamba ya kauri ilibaki. Jumuiya ya Ulaya iliiwekea alama yake ya hatari mwaka 1997. Na pamba iliyotumika muda mrefu katika joto kali huwa mbaya zaidi kuliko mpya, kwa sababu sehemu ya silika yake hugeuka kuwa kristobaliti, na vumbi la kristobaliti linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu kama ule wa wachimba migodi. Ndugu mnaosimamia mitambo, pamba ya zamani iloweshwe maji kabla haijaguswa, ifungwe katika mifuko papo hapo, na mfanyakazi apewe kinyago cha kweli chenye kichujio. Leso si kinyago.

Viwanda vya nje vimelijibu tatizo hili kwa pamba ya namna nyingine, iliyotengenezwa kwa silika pamoja na chokaa na magnesia badala ya alumina. Inastahimili digrii 1,200 hivi, na ikiingia mapafuni huyeyuka upesi zaidi ikaondoka. Kwa hiyo inawezekana kwamba wakati tunabishana juu ya udongo wa Pugu, bidhaa inayostahili kutengenezwa na chama cha watu wenye watoto haihitaji udongo wa Pugu hata kidogo. Inahitaji mchanga mweupe wa silika, na magnesaiti, ambayo tunayo Chambogo, wilayani Same.

Na pamba hiyo nayo huyeyushwa kwa tanuru lile lile la elektrodi zilizozamishwa. Hii ndiyo sababu yangu kubwa kuliko zote, Ndugu Mwenyekiti. Tanuru lisilo na chungu halijali unachoyeyusha, mradi uji wake unapitisha umeme. Leo kaolini, kesho magnesia, ukiisha kulisafisha ndani na kupanga elektrodi upya. Tanuru la gesi lililoletwa bei yake halitafaa kwa hii wala kwa ile.

Ombi langu kwa kikao cha mchana ni dogo. Bei ile isipigiwe kura leo. Badala yake zitengwe fedha za kuosha kilo hamsini za kaolini ya Pugu na kusaga kilo hamsini za mchanganyiko wa silika na magnesaiti, tuzipeleke zikayeyushwe kwa majaribio mahali penye tanuru la umeme, na tuombe shirika la umeme litupe kwa maandishi rekodi ya kukatika kwa umeme katika njia ya eneo linalopendekezwa kwa mwaka mzima uliopita. Karatasi hiyo moja itatueleza mengi kuliko mimi.

Sampuli nilizoahidi ziko mezani, upande wa kulia: kaolini mbichi, kaolini iliyochomwa, punje, na vipande viwili vya pamba. Pamba zimo ndani ya chupa zilizofungwa kwa nta. Wadogo zetu, shikeni chupa, zitazameni kwa lenzi ya Mwalimu wa Biolojia, lakini nta isibanduliwe. Maswali nayapokea.